Helikopta ya mafuta ya taa na asubuhi za Kigwe

Jumamosi natoka Kizota, hapa Dodoma, saa 11 alfajiri, na gari halibebi vitu vingi. Kuna helikopta yenyewe, ya mfano, ya kurushwa kwa rimoti, imelazwa juu ya godoro la watoto nililolikata katikati. Kuna betri mbili, dumu la mafuta ya taa, mtungi wa kuzimia moto na ufagio wa chelewa. Wanaonijua wameshazoea, ila watu wengi wakiuona ule ufagio ndani ya gari huuliza habari zake kabla ya kuuliza habari za helikopta.

Mimi ni fundi wa tabo, ile mashine inayoisukumia hewa injini ya lori, na pampu za dizeli. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapita hapa kwetu, na likitoa moshi mweusi na kukosa nguvu mlimani, mara nyingi linaishia gereji kama yangu. Kwa miaka 22 nimefungua tabo, nimesafisha, nimebadilisha bushi, nimeyazungusha yale magurudumu kwa kidole kusikiliza kama yanakwaruza. Kwa hiyo siku nilipofunguliwa sanduku la mbao na kuonyeshwa injini ya helikopta hii, sikuiona ngeni. Gurudumu la mbele lilikuwa lilelile ninalolijua, ila dogo, na jembamba kwenye kingo kama wembe.

Aliyeniuzia ni mhandisi wa visima, Mjerumani, mteja wangu wa muda mrefu aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Helikopta ni mfano wa Bell 206 JetRanger, nyeupe yenye mstari wa bluu. Urefu wake unazidi kidogo mita moja na nusu, pangaboi la juu ni mita 1.8 kutoka ncha hadi ncha, na uzito ni kilo 11 kabla ya kujaza mafuta. Nilitoa fedha ambayo ingenunua bodaboda nne mpya. Mke wangu alinyamaza siku mbili, ya tatu akaniambia, "Kama umeamua, basi ukae nayo vizuri, isije ikawa ya kuwekwa stoo." Nimelishika neno hilo hadi leo.

JetRanger halisi iliruka mara ya kwanza mwaka 1966, na injini yake ni tabaini, yaani gurudumu lenye mapanga linalozungushwa na kitu kinachopita kwa nguvu. Watanzania tumelizoea neno hili tangu zilipoanza habari za Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Kule kinachosukuma ni maji. Kwenye yangu ni gesi ya moto, na injini nzima inakaa kwenye viganja viwili.

Inafanya kazi hivi. Gurudumu la mbele linavuta hewa na kuikandamiza, sawasawa na tabo ya lori. Katikati kuna chumba ambamo mafuta ya taa yanaungua mfululizo, si kwa mapigo kama kwenye pistoni. Gesi inayotoka humo inasukuma gurudumu la pili, lililo kwenye shafti moja na lile la mbele, na ndivyo injini inavyojilisha hewa yenyewe. Kwenye ndege za mfano za jeti mambo yanaishia hapo, gesi inatoka nyuma na kuisukuma ndege. Kwenye helikopta gesi inakutana na gurudumu jingine zaidi, la tatu, ambalo halikushikana na yale mawili kwa chuma chochote. Hilo la tatu ndilo linalozungusha gia, na gia zinapunguza mwendo mpaka pangaboi la juu linapata mizunguko kama 1,200 kwa dakika. Ndani huko shafti inapita mizunguko 100,000.

Mtu anayeheshimika sana kwenye mambo haya ni Kurt Schreckling wa Ujerumani, aliyetengeneza tabaini ndogo kwa mikono yake wakati wengi walidhani ni kazi ya viwanda vikubwa tu. Gurudumu la kukandamiza hewa kwenye injini zake za mwanzo lilikuwa la mbao, limezungushiwa nyuzi za kaboni. Mbao! Nikiwaza hilo usiku, usingizi unachelewa.

Sasa, kwa kuwa lile gurudumu la tatu halijafungwa kwenye injini, linangoja gesi. Ukitaka nguvu, injini lazima kwanza iongeze mwendo, ndipo gesi iongezeke, ndipo pangaboi lisikie. Dereva wa lori lenye tabo anaijua hali hii: unakanyaga mafuta, lori linafikiri kidogo, kisha linaondoka. Angani kule kufikiri kidogo ni kitu kikubwa. Lazima mkono wako uombe nguvu kabla hujaihitaji. Ukiteremka, unaanza kubeba, yaani kuongeza nguvu, mapema, taratibu, ukiwa bado una mita kadhaa chini yako.

Na hapo ndipo Dodoma inapoingia.

Mji wetu uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Hewa imeshakuwa nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kabla jua halijatoka. Asubuhi ya Julai, joto likiwa nyuzi 14, helikopta inaiona hewa hiyo kama ya mita 1,350 hivi. Mchana wa Oktoba, joto likipita nyuzi 30, hewa ileile kwenye shamba lilelile inakuwa kama ya karibu mita 2,000, yaani kama umeibeba helikopta ukaipandisha juu kuliko Mbeya mjini. Mapanga yanashika kidogo, na injini nayo inavuta hewa kidogo. Inakunywa mafuta, inapanda joto, lakini nguvu haiji. Vilevile upepo wetu wa kiangazi unajulikana. Kufika saa 3 umeshaanza kuinua vumbi jekundu, na vumbi ni mchanga, na mchanga ndani ya gurudumu linalozunguka mara 100,000 ni tupa.

Nilikuwa nalijua hilo lote siku nilipoivunja.

Ilikuwa Oktoba, shemeji yangu amekuja kutoka Mwanza, na gari lake lilikuwa linaondoka jioni ileile. Alitaka sana kuiona. Nikakubali kurusha saa 8 mchana. Ilipanda vizuri, ikazunguka mara mbili juu ya mabua ya uwele, na kioo kidogo cha kusomea joto la moshi kilionyesha namba ambayo asubuhi huwa siioni kabisa. Ningetua palepale. Nikazungusha mara ya tatu, nikaileta juu ya kituo chake cha zege, nikaiteremsha wima kwa haraka kidogo. Nilipoomba nguvu, haikuwepo. Kwanza nilisikia: ule mluzi mwembamba wa injini ulibaki vilevile, lakini sauti ya mapanga ikashuka, ikawa nzito, vup, vup, vup, kama mtu anayekung'uta blanketi. Mguu wa kushoto ukagonga ukingo wa zege, helikopta ikalala, mapanga yakapiga ardhi na kuukata mkia. Nilizima mafuta. Kijana wangu wa gereji alishafika na mtungi, ila hakukuwa na moto. Huwa natumia mtungi wa gesi ya kaboni dayoksaidi, si wa unga, kwa sababu unga unazima moto lakini unaiua injini.

Shemeji aliomba radhi mara nyingi. Hakuwa na kosa lolote. Rimoti ilikuwa mikononi mwangu.

Mapanga na mkia viliagizwa Ujerumani, nikasubiri wiki saba. Miguu nilikunja mwenyewe kwa bomba la aluminiamu. Injini niliifungua mezani, juu ya shuka jeupe ili kisipotee hata kipande kimoja, nikaangalia bearingi na kingo za gurudumu kwa lenzi. Ilikuwa nzima. Mapanga mapya nikayapima: moja lilizidi jingine kwa gramu mbili. Kwa mapanga yanayozunguka mara 1,200 kwa dakika gramu mbili ni nyingi, helikopta nzima ingetetemeka. Nikaongeza utepe kwenye lile jepesi mpaka mzani ukanyamaza. Kisha nikabandika ncha moja utepe mwekundu na nyingine wa bluu. Kazi ya rangi ni hii: mapanga yakizunguka, kijana wangu anasimama mbali, macho usawa wa pangaboi, ananiambia kama anaona mstari mmoja au miwili. "Mwekundu uko juu, bosi." Nazima, nasubiri ipoe, nazungusha skrubu nusu, nawasha tena. Mara ya nne akasema anaona mstari mmoja, rangi ya zambarau.

Tangu siku hiyo narusha asubuhi tu. Akija mgeni wa mchana namwonyesha ikiwa chini, namfungulia mlango wa injini, namweleza kila kitu, na akitaka kuiona angani analala Dodoma.

Uwanja wangu ni shamba la mzee mmoja upande wa Bahi, kabla hujafika Kigwe, mbali na uwanja wa ndege na mbali na mji. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ninacho, na mtendaji wa kijiji namjulisha kila ninapokwenda. Anayefikiria kununua chombo cha namna hii aanzie hapo, kabla hata ya kuuliza bei. Kilo 11 zenye mapanga makali si kitu cha kurusha uwanja wa mpira Area C. Watoto wa jirani wanakaa nyuma ya mbuyu, na mbuyu wenyewe uko zaidi ya mita 40. Mzee ndiye aliyeweka sheria hiyo, na ni mkali kuliko mimi.

Kwa ajili ya vumbi nilimwaga zege, mita tatu kwa tatu. Nilimwomba mzee, akasema, "Mwanangu, weka, ardhi haiondoki." Nikafunika, nikamwagilia siku saba. Wiki iliyofuata nikakuta bibi, mke wake, ameshaanika uwele juu yake. Alikuwa na furaha kweli, maana miaka yote amekuwa akianika juu ya turubai, kuku wanachakura, upepo unakunja. Siku nyingine ninakuta ni majani ya mlenda. Sasa ndiyo habari ya ufagio. Chembe moja ya uwele ikivutwa mbele ya injini ni risasi. Kwa hiyo nikifika bibi anakusanya nafaka zake kwenye ungo, mimi nafagia kuelekea upande wa upepo, kisha napiga magoti na tochi natafuta zilizobaki kwenye nyufa. Kuna asubuhi nilipata punje 31 baada ya kufagia mara mbili.

Halafu mafuta. Mafuta ya taa ya kawaida yanafaa, lakini kila dumu la lita 20 linapata lita moja ya oili ya tabaini, kwa sababu bearingi zinalainishwa na mafuta hayohayo. Yote nayapitisha kwenye chujio la dizeli kabla hayajaingia kwenye tangi, halafu nagonga mipira ya mafuta kwa kucha, nikifukuza viputo. Kiputo kimoja kikifika ndani, moto unazimika angani.

Nikiwasha, natafuta kimya. Treni ya mizigo ikipiga honi kule relini, nasubiri ipite. Kwanza unasikia mota ndogo ya kuwashia, zzzzz, kama nyuki ndani ya chupa. Plagi inawaka nyekundu. Kompyuta ndogo ya injini inaruhusu mafuta kidogo kidogo, na unasikia "pwaf" laini, kama jiko la mchina likishika utambi. Namba za joto zinapanda: 200, 400, 600. Hapa sipumui. Zikiendelea kupanda huku mzunguko haupandi, nazima mara moja, maana injini inajichoma. Zikifika juu na kuanza kurudi, mluzi unakua, na harufu ya uwanja wa ndege inafika puani. Pangaboi linaanza kuzunguka polepole, unaweza kuhesabu mapanga. Kisha huwezi tena.

Jumamosi iliyopita joto lilikuwa nyuzi 13. Jua lilikuwa linatokea nyuma ya vilima, moshi wa jiko la bibi umesimama wima. Niliomba nguvu kwa upole na helikopta ikanyanyuka kama imevutwa na uzi, ikasimama usawa wa kifua bila kutikisika, kivuli chake kirefu kimelala juu ya mabua hadi mbuyuni. Nikaipeleka mbele, nikaizungusha kwa mbali, tumbo lake jeupe likashika jua. Tangi la lita mbili na nusu linanipa dakika 10, na huwa natua kwenye ya nane. Nilipoiteremsha, nilianza kubeba mapema, na ilikanyaga zege bila kuruka.

Baada ya kuzima, kompyuta inaendelea kuizungusha injini kwa mota ili hewa ipite na kuipoza. Hakuna kusogea mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 100. Bibi alishasimama pembeni na ungo wake.

"Fundi, imefika ngapi?"

"Bado bibi, 140."

Akachuchumaa, akaanza kuchambua mawe kwenye uwele huku akinitazama.

"Sasa?"

"112."

Mota ikaendelea kuimba. Nikamwambia 96. Tukaiinua helikopta mimi na kijana wangu, kila mtu upande wake, na kabla hatujafika kwenye gari nilisikia nafaka zikimiminwa juu ya zege.