Grafu ya fononi ikizama chini ya sifuri, usiifute kwanza

Wanaoanza kupiga hesabu za fononi, yani mitikisiko ya atomu ndani ya fuwele, karibu wote wanauliza kitu kimoja: mbona grafu ya masafa ya mitikisiko hiyo imeshuka chini ya sifuri, nimeharibu wapi? Mara nyingi kweli umeharibu, pointi za k (sampuli za mawimbi ya elektroni) chache au supaseli (kipande cha fuwele unachokipigia hesabu) ndogo mno. Ila kama unafanya Ni2MnGa, tulia, hapo ndo utamu ulipo.

Hii ni aloi ya familia ya Heusler, yani nikeli, manganisi na galiamu, ni sumaku na ina kumbukumbu ya umbo, yani ikikunjwa inarudia umbo lake ikipashwa joto. Mwaka 1996 Ullakko na wenzake walionyesha kwamba ukiiwekea uga wa sumaku inabadilika urefu, wakati ule asilimia 0.2 tu hivi, baadae watu wakafika 6 mpaka karibu 10. Lakini hayo yote yanatokea ikiwa martensiti, yani hali ya baridi ambayo fuwele imevutika, na kwa uwiano kamili wa metali hizo tatu inageuka hivyo kwenye kelvini 200 na kidogo, juu yake fuwele ni ya mchemraba. Kwa hiyo sisi wa kompyuta tunachotafuta ni kwa nini mchemraba unakubali kuvunjika.

Piga DFT (hesabu ya elektroni kwa fizikia ya kwanta) kwenye mchemraba, fuata uelekeo wa [110] (mshazari wa uso wa mchemraba), utaona tawi la TA2 (mstari wa mtikisiko ambao atomu zinakatisha njia ya wimbi) linalegea taratiiibu halafu karibu na theluthi ya njia linazama. Programu inachora namba hasi lakini maana yake ni kwamba ukizisogeza atomu kwa mpangilio ule nishati inapungua badala ya kupanda, kama gololi uliyoiweka juu kabisa ya kilima. Na sio ndoto ya kompyuta, vipimo vya nyutroni vya miaka ya 90 viliona tawi lilelile, palepale theluthi, likilainika kadiri joto linavyoshuka mpaka kelvini 260 hivi, ila halikugusa sifuri. Watu wanadhani hapo kuna ugomvi, hamna, hesabu ni ya kelvini 0 atomu zimeganda, kwenye maabara joto ndo linaushikilia mchemraba usianguke.

Chanzo ni elektroni. Wengi wanataja vipande vya uso wa Fermi (mpaka wa elektroni zenye nishati ya juu kabisa) vinavyolingana sambamba, sawa, ila mi naona vinapewa sifa kupita kiasi, kile kilele cha elektroni za nikeli kilichokaa chini kidogo tu ya nishati ya Fermi, upande wa spini yenye elektroni chache, nacho kina kazi kubwa maana mchemraba ukivutwa kinagawanyika na nishati inashuka.

Sasa kuhakiki: supaseli igawanyike kwa 3 kwenye [110], la sivyo programu inakisia tu hapo katikati. Punguza na ule upana wa kusambaza elektroni karibu na nishati ya Fermi (smearing), ukiuacha mkubwa shimo la kwenye grafu linafutika kabisa na utashangilia mchemraba imara ambao haupo. Likibaki, sogeza atomu kidogo kufuata mtikisiko wenyewe halafu ziache zitulie, kama zimekaa kwenye mawimbi yanayojirudia na nishati ni ndogo kuliko ya mchemraba, basi shimo ni la kweli.