Sawa reli inakuja, ila sisi tutavukia wapi?

Mwanza sa hivi kila mtu ni injinia wa reli. Ukikaa kwenye kahawa Igoma, ukipanda daladala ya Buhongwa, ukishuka Mwaloni kununua dagaa, mada ni ile ile, SGR, ile reli mpya ya umeme ya kwenda Dar, inafika lini, nauli itakuwa bei gani, mabasi yatakufa au hayafi, na kila kijiwe kina mzee mmoja anayezijua siri zote za serikali na kijana mmoja ambaye shemeji yake ni dereva wa tipa huko kwenye mradi kwa hiyo kila wiki ana tarehe mpya ya treni kuanza.

Mimi siipingi, niseme mapema kabisa maana siku hizi ukiuliza swali tu unaambiwa hutaki maendeleo. Naitaka hiyo treni jana. Aliyewahi kwenda Dar kwa basi kutoka Nyegezi anaelewa, unaondoka alfajiri umevaa viatu vizuri, unashuka usiku mwingi viatu haviingii. Wenzetu wa Dodoma wanakula raha tangu 2024 na sisi tunaangalia video zao. Jiwe la msingi la kipande chetu cha Mwanza mpaka Isaka, kilomita 341 ukihesabu na njia za kupishania, liliwekwa pale Fela Juni 2021, kwa hiyo hamu tunayo na haki ya kuwa na hamu tunayo.

Ila mbona tunabishana upande mmoja tu? Tunabishana kuhusu kusafiri na reli, kutoka hapa kwenda kule mbali. Hatubishani kuhusu kuikata. Na ukifikiria vizuri watu wengi wanaoishi kando ya huo mstari, kuanzia Misungwi, Kwimba, mpaka huko Malampaka na Shinyanga, hata mara moja kwa mwaka hawaendi Dar, lakini kila siku ya Mungu wanatoka upande huu wanaenda upande ule. Shamba, kisima, shule, mnada, msiba.

Reli ya zamani haikuwa na shida hiyo. Wajerumani walianzia Dar 1905 wakafika Kigoma 1914, halafu tawi la Tabora kuja Mwanza wakalimalizia Waingereza 1928, yaani inakaribia miaka mia, na miaka yote hiyo watu wamevuka popote wanapotaka. Geji, yaani upana kati ya vyuma viwili vya reli, ni mita moja, treni yenyewe inakuja kwa mwendo wa mtu anayefikiria kurudi, unaisikia kabla hujaiona, mama anapanga nyanya zake pembeni ya reli na honi ikilia anasogeza beseni. Ndio, imegonga ng'ombe na imegonga watu, sisemi ilikuwa salama. Nasema ilikuwa inapitika.

Hii mpya ni kitu kingine. Geji milimita 1,435, ya umeme, abiria mpaka kilomita 160 kwa saa. Kitu cha spidi hiyo huwezi kukiwekea tuta ambalo mtoto anakatiza na ndama, lazima fensi, na kuvuka inabidi upite chini kwenye kalavati au juu kwenye daraja, pale walipokujengea na sio pale ulipozoea. Sina ugomvi na hilo, hata mimi ningejenga hivyo hivyo. Lakini maana yake ni kwamba ile mistari midogo kwenye mchoro, hapa kivuko, hapa hapana, ndo inaamua mtoto atembee dakika ngapi kwenda shule kwa miaka mia nyingine ijayo. Na sijawahi kusikia kijiwe kimoja kinaujadili huo mchoro.

Baba mdogo wangu anakaa Misungwi, ndani ndani kabisa. Anayejua nchi ya Wasukuma anajua tunavyoishi, nyumba juu kwenye luseni, kwenye mchanga, pamba na mihogo humo humo, halafu chini mbugani ndo kuna majaruba ya mpunga, na lambo la ng'ombe liko upande wake. Kwa hiyo mtu mmoja ana maisha ya vipande vitatu na katikati anatembea. Sasa ukipitisha tuta refu lenye fensi kati ya juu na chini, hujachukua eka nyingi za mtu, labda umechukua robo ya jaruba moja, ila umemkata katikati. Nilipomuuliza kuhusu fidia aliniambia, "Mwanangu, hela nimepokea, sikatai. Na ng'ombe wamelipwa na nani wasiende kunywa maji?"

Nilicheka lakini swali lake halina jibu kwenye karatasi. Ardhi yetu yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na sheria zile mbili za 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, zinasema ukitwaliwa ulipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Mthamini anakuja, anahesabu ardhi, nyumba, miti, mazao, kuna posho ya usumbufu, kuna ya usafiri, kuna ya makazi. Safu ya kilomita zilizoongezeka kwenda lamboni haina. Jirani ambaye hajaguswa hata unyasi mmoja lakini njia yake imezibwa, huyo hata jina lake halimo.

(Na hapo bado ni afadhali ya fidia ya reli, maana kwenye barabara tuna ule utaalamu wetu wa kuchora X kwenye nyumba iliyo ndani ya hifadhi. Nyekundu unabomoa mwenyewe na hulipwi, kijani utalipwa siku ikifika. Sheria ya Barabara ya 2007 ilitanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 mpaka mita 30 kila upande, na kuna watu wamezeeka ndani ya hizo mita saba na nusu, hawapaki rangi, hawaezeki upya, wanaishi na X kama ndugu.)

Daraja letu la Kigongo na Busisi lilipozinduliwa Juni 2025 nilifurahi kama kila mtu. Kilomita 3 juu ya maji, zaidi ya shilingi bilioni 700, na ile habari ya kukaa foleni ya feri masaa mawili una mgonjwa kwenye gari imekwisha. Nani atalilia hiyo? Hamna. Lakini wale kina mama wa Kigongo waliokuwa wanauza mayai ya kuchemsha, samaki wa kukaanga, ndizi, soda, wale soko lao lilikuwa foleni yenyewe. Gari likisimama wanakula, gari likipita spidi 80 hawali. Hawakuwa na kiwanja cha kuthaminiwa, walikuwa na sehemu ya kusimama. Sisemi daraja lisijengwe ili watu wauze mayai, jamani msiniandame, nasema mtu mmoja angekaa mezani miaka mitano kabla akauliza hawa wataenda wapi, wakawekewa kituo cha magari kupumzika mbele kidogo, choo na vibanda, na hela yake kwenye bajeti ya bilioni 700 isingeonekana.

Sasa kuna watu wanapenda kusema wazungu mradi ukija hawabishani, wanajenga tu. Hao huwa nawatajia Texas. Mwaka 2002 gavana wa huko, Rick Perry, alitangaza kitu kinaitwa Trans-Texas Corridor. Sikiliza ukubwa wake: zaidi ya kilomita 6,400 kwa jimbo moja, upana mpaka mita 365. Humo ndani leni sita za magari madogo, leni nne za malori, njia sita za reli, halafu na ukanda wa mabomba ya maji, mafuta, gesi, nyaya za umeme na mawasiliano. Panga viwanja vitatu na nusu vya CCM Kirumba kwa urefu, huo ndo upana wake. Hifadhi yetu ya barabara kuu ni mita 60 na tunalia! Makadirio yalikuwa dola bilioni 145 mpaka 183 na kitu, hela hiyo serikali haina, kwa hiyo kampuni binafsi zijenge halafu zikusanye tozo. 2005 Cintra ya Hispania na Zachry ya hapo hapo Texas wakapewa mkataba wa kuandaa kipande cha kwanza, sambamba na barabara ya I-35, na hesabu za tozo zilikuwa za miaka 50.

Kilichonifurahisha ni nani waligoma. Wanamazingira walikuwepo ndio, lakini wenye kelele kubwa walikuwa wakulima na wafugaji, wengi wao watu wa chama kile kile cha gavana. Walikuwa na hoja za kuchukuliwa ardhi, hoja za kampuni ya nje kukusanya hela zao, na kulikuwa na hii, nilipoisoma nikasema kumbe! Mfugaji ana nyumba upande huu, malisho upande ule, unampitishia mita 365 katikati na sehemu za kuvuka ni za kuhesabu. Ile ile ya baba mdogo, tofauti wao wana pikapu. Serikali ya jimbo ikaitisha mikutano, 2008 watu wakajaa kwa maelfu, wakasema. Januari 2009 idara ya uchukuzi ya jimbo ikatangaza kwamba huo mradi kwa sura ile umekufa, na 2011 bunge lao likaufuta hadi kwenye sheria.

Hapa watu wanapiga makofi, ngojeni kwanza. Foleni ya I-35 pale Austin bado ipo. Kuna kipande cha barabara ya tozo, SH 130, ambacho kampuni zile zile mbili zilijenga kikafunguliwa 2012, spidi inayoruhusiwa maili 85, karibu kilomita 137 kwa saa, kubwa kuliko zote Marekani, na waendeshaji wake wakaomba kinga ya kufilisika 2016 kwa sababu magari hayakuja ya kutosha. Kwa hiyo sio kwamba waliokataa walishinda kila kitu. Ninavyoona mimi mradi ule ulikufa kwa sababu uliletwa mzima mzima, kila kitu kwenye mkanda mmoja, na ukishaambiwa chukua chote au acha chote, mtu mwenye ranchi ataacha chote.

Sisi hatutaki kuacha. Sangara wafike Dar wakiwa na heshima, mzigo wa Uganda upite hapa bandari ya Mwanza Kusini, sawa kabisa. Ndo maana nasema tubishane mapema na tubishane kuhusu vitu vidogo. Kalavati moja ya ng'ombe ikiwa bado mstari wa penseli ni hela ya kawaida, tuta likishamwagwa na reli ikishalala ni mradi mpya, tenda mpya, barua miaka mitatu. Na kwenye mikutano ya kijiji, kwa hadithi ninazozisikia, watu wanauliza vitu viwili, fidia lini na ajira vijana wangu wangapi, halafu soda inagawiwa. Wachungaji wenyewe, watoto wa miaka kumi na mbili wanaojua kila kichochoro cha mbuga, hawapo, wako na ng'ombe.

Kwa hiyo ndugu zangu ambao reli bado haijawafikia, wa Kigoma, wa Uvinza huko inakoelekea Burundi, mkiitwa mkutanoni ombeni mchoro wenye vivuko, sio ule wa picha ya treni inang'aa. Mwite mtoto anayechunga. Mtembee naye mstari wote wa kijiji chenu mkionyeshana, hapa ng'ombe, hapa shule, hapa mkokoteni wa maji. Halafu mkifika kwenye kila kalavati iliyochorwa muulizeni injinia swali moja tu, mwezi wa nne mbuga ikijaa maji, hapa panapitika?