Usiku Tulipoisikiliza Kompyuta

Juzi nilikuwa nahamishia kanda za zamani kwenye laptopu, kazi ninayoifanya kidogo kidogo kila nikipata nafasi, mara ikafika zamu ya ile isiyo na lebo ya duka, yenye maandishi ya kalamu yaliyofifia. Binti yangu alikuwa mezani na madaftari yake. Ukaanza mlio mmoja mrefu, umenyooka, halafu ukavunjika ukawa mkwaruzo mkali. Akaziba masikio.

"Baba, hiyo kanda imeharibika?"

Nikamwambia haijaharibika, hiyo ni programu ya kompyuta, imehifadhiwa kwa sauti. Alinitazama kidogo kisha akarudi kwenye hesabu zake. Mimi sikuweza kurudi kwenye zangu. Akili ilishafika Langoni, mtaa wa Lamu, dukani kwa Ami, mwaka 1992.

Ami hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa fundi wa redio, na katika Lamu ya wakati ule fundi wa redio ndiye aliyeletewa kila kitu chenye waya: feni, pasi, redio za manahodha zilizojaa chumvi. Lakini riziki yake hasa ilikuwa kwenye redio kaseti. Mji mzima uliishi kwa kanda. Kanda za kisomo, za mawaidha, za maulidi, za harusi ya fulani, na za taarabu zilizopanda mashua kutoka Mombasa. Sauti ikianza kuyumba, mpira umelegea. Sauti ikififia, kichwa kinachosoma kanda kimejaa uchafu. Mimi kazi yangu baada ya shule ilikuwa pamba na spiriti, nasafisha vichwa mpaka ving'ae.

Mashine yenyewe ililetwa na mwalimu wa hisabati, mgeni kutoka Uingereza, aliyekuwa amemaliza mkataba wake. Ami aliwahi kumtengenezea redio akakataa malipo, basi siku ya kuaga mwalimu akaja na boksi. Ndani kulikuwa na kitu cheusi chembamba, ukubwa wake haukupita kitabu cha shule, kina vitufe vya mpira vya kijivu na mistari minne ya rangi pembeni. Sinclair ZX Spectrum. Na kanda moja, imeandikwa MOON, yaani mwezi, kwa mkono.

Nimekuja kujifunza habari zake baadaye, na kadiri ninavyozijua ndivyo ninavyozidi kuiheshimu. Ilitoka mwaka 1982, kazi ya kampuni ya Clive Sinclair, na iliuzwa kuanzia pauni 125 wakati kompyuta nyingi zilikuwa hazishikiki. Kumbukumbu yake, ile kubwa ya aina mbili zilizouzwa, ilikuwa kilobaiti 48. Picha moja tu uliyopiga kwa simu leo asubuhi isingeingia humo. Haikuja na kioo wala diski. Ilitaka televisheni uliyonayo tayari na redio kaseti uliyonayo tayari, basi. Hilo ndilo linalonifanya niitetee mbele ya wapenzi wa mashine nyingine za zama zile, zilizokuwa na vitufe vizuri zaidi na sauti nzuri zaidi. Mashine zilizodai kila kifaa kiwe chake zisingefanya lolote pale Langoni. Hii ilikuta nusu ya mahitaji yake yamepangwa kwenye rafu ya Ami.

Kabla ya kuiwasha, Ami alichukua mita. Transfoma ilikuwa ya volti 9, plagi yake ya pini tatu inaingia kwenye soketi zetu bila taabu, lakini yeye alitaka kujua ile ncha ndogo inayoingia kwenye mashine. Akapima. Hasi ilikuwa katikati, chanya nje, kinyume cha alivyozoea. Hakusema kitu. Alikata kipande cha plasta nyeupe, akachora alama ya kutoa ndani ya duara, akakizungusha kwenye waya karibu na ncha. Plasta hiyo ingalipo mpaka leo.

Tulianza baada ya isha, duka limefungwa, baraza nje ina wazee wawili. Umeme wa Lamu miaka hiyo ulikuwa wa majenereta ya dizeli, na jioni, mji ukiwasha taa zote, taa ya Ami ilikuwa inapungua nguvu na kurudi. Televisheni ilikuwa ya mteja, inchi 14, nyeusi na nyeupe, imeshapona na inasubiri mwenyewe aje aichukue. Ami alizungusha taratibu tuna, kile kidude cha kutafutia stesheni, kutafuta masafa ya chaneli 36, ambayo kwetu ilikuwa chenga tupu. Chenga, chenga, chenga, kisha ghafla kioo kikawa cheupe na kutulia, na chini kabisa kukatokea mstari mmoja wa maandishi: © 1982 Sinclair Research Ltd.

"Soma," akaniambia. Nikasoma. Mzee mmoja akachungulia mlangoni kuona ninasoma nini.

Mwalimu alikuwa ameacha karatasi ya maelekezo. Ukibonyeza J, neno zima LOAD, yaani pakia, linajitokeza, huandiki herufi moja moja. Unaongeza alama mbili za kunukuu, unabonyeza ENTER, unawasha kanda. Pembeni mwa kioo mistari ikaanza kupita, minene, inapanda, halafu membamba mingi kwa wakati mmoja. Sisi tuliiona ya kijivu. Kumbe ni nyekundu na samawati, kisha buluu na manjano. Tena rangi za mashine ile zimepangwa kwa mwangaza, nyeusi sifuri mpaka nyeupe saba, kwa hiyo hata kwenye televisheni isiyo na rangi kila moja ilikuwa na kijivu chake. Aliyelipanga hilo alimfikiria mtu mwenye televisheni kama ya yule mteja.

Kioo kikaandika: Program: MOON. Tukafurahi. Kisha, katikati ya ule mkwaruzo mrefu, kila kitu kikasimama: R Tape loading error, yaani kanda imeshindwa kusomeka.

Tukarudia, ikawa hivyo hivyo. Jina linasomeka, mwili unakataa. Nikasafisha kichwa kwa spiriti, tukaongeza sauti, tukapunguza sauti. Inakataa.

Hapo ndipo Ami alipochomoa waya kwenye redio. Ukichomeka waya pale, spika inanyamaza, na yeye usiku kucha alikuwa anashughulika na kitu asichokisikia. Akarudisha kanda mwanzo, akaachia spika ifunguke. Ule mlio ukajaa dukani mpaka wazee wa barazani wakanyamaza. Akaniinulia kidole.

"Sikiza. Hii si kelele. Ina mpango."

Akairudia. Mlio mrefu. Mkwaruzo mfupi sana, wa kupepesa macho. Kimya. Mlio tena, mfupi kuliko wa kwanza. Kisha mkwaruzo mrefu.

"Huu wa kwanza abisha hodi ataja jina," akasema. "Wa pili ndio aingia na mzigo."

Hakuwa amesoma popote. Na ndivyo ilivyo hasa: kipande cha kwanza ni baiti 17 tu, zinabeba aina ya kilichomo, jina lisilozidi herufi kumi, na urefu wa kitakachofuata. Kipande cha pili ndiyo programu yenyewe. Ami alilipata hilo kwa sikio, amekaa kwenye kigoda, akatoa na hesabu yake palepale: kipande kifupi kinapita kwa sababu ni kifupi, kirefu hakipiti kwa sababu njiani kina nafasi nyingi za kukosea, kwa hiyo kasoro ipo muda wote, ni ndogo, na imo kwenye redio yetu.

Alifungua kifuniko cha kanda. Kando ya kichwa kuna skrubu mbili, moja imekazwa, ya pili imekalia springi. Hiyo ya springi ndiyo inayokiinamisha kichwa kidogo kushoto au kulia. Kichwa kinatakiwa kisimame wima kabisa juu ya utepe, na kikiinama hata kwa unywele, sauti nyembamba ndizo zinazokufa kwanza. Kila siku aliirekebisha kwa udi, ile ala ya nyuzi. Alikuwa na kanda ya Zein l'Abdin, mpiga udi na mwana wa Lamu mwenyewe, na aligeuza skrubu mpaka nyuzi nyembamba zilie wazi bila kufunikwa. Sasa mwalimu alirekodi kanda yake kwa redio nyingine, ambayo kichwa chake kiliinama kivyake. Ilibidi yetu imfuate.

Kwanza akachora alama ya penseli ili ajue pa kuirudisha kesho kwa ajili ya wateja. Kisha akachukua bisibisi ndogo kuliko zote na kuanza kugeuza huku mkwaruzo unalia. Ilikuwa kidogo sana, mkono wake karibu hausogei. Mkwaruzo ukawa mzito, ukafunikwa, akarudi. Akapita pale alipoanzia. Ukaanza kuchongoka. Nilikuwa nimeinama kando yake na nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe ule mkwaruzo ukigawanyika, ndani yake kuna sauti mbili, moja juu na moja chini, zinapishana kwa kasi isiyohesabika. Leo najua majina yao. Biti ya sifuri ni wimbi fupi, ya moja ni wimbi la urefu mara mbili, na zinakimbia kiasi cha biti 1,500 kwa sekunde. Usiku ule sikujua lolote kati ya hayo. Nilisikia tu kwamba ni mbili, na kwamba sasa hazigusani. Nimeshika vifaa vingi tangu siku hiyo, vyenye nguvu mara nyingi kupita mashine ile, na hakuna hata kimoja kilichowahi kunikaribisha ndani namna ile.

"Hapo," akasema Ami. Akachomeka waya. "Bonyeza."

Mistari ikaja. Jina likaja. Mkwaruzo mrefu, safari hii kimya kwetu, kiooni tu, ukapita mahali ulipokuwa unakatikia, ukaendelea, ukaisha. Kioo kikaandika: 0 OK, 0:1.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Programu iliuliza siku, mwezi na mwaka. Nikaandika tarehe ya siku ile. Ikajibu umri wa mwezi: 14. Ami akatikisa kichwa, usiku ule ulikuwa wa kumi na tatu, na wazee wote wawili wakamuunga mkono, mmoja akiwa ameshaingia dukani kabisa. Mwezi uliandama na wao waliuona. Nikajaribu tarehe nyingine wanayoikumbuka, ikawatangulia tena kwa siku. Ndipo tukafuata mstari wa mwisho wa karatasi ya mwalimu: bonyeza K, kisha ENTER. LIST. Programu yote ikajitandaza kwenye kioo, mstari kwa mstari, na Ami akanifanya niisome kwa sauti. Katikati kulikuwa na namba 29.53.

"Hizo ni siku za mwezi mmoja," akasema yule mzee, kabla sijamaliza.

"Basi mwalimu ahesabu tangu mwezi kufa," Ami akasema. "Sisi twahesabu tangu kuandama. Wote wawili wako sawa."

Mzee hakukubali kwamba wote wako sawa, na waliondoka wakibishana, nikawasikia mpaka kwenye kona.

Mashine ilikaa dukani miaka. Baadaye ule ukanda wa plastiki unaounganisha vitufe na bodi ulikauka ukapasuka, ugonjwa wa mashine zote za aina ile, na Ami alipofariki boksi likaja kwangu.

Watu wanaonijua wanategemea niseme kwamba vya zamani vilikuwa bora, na siwezi kulisema moja kwa moja. Hewa ya Lamu ninaijua. Nimefungua redio nyingi ambazo shaba yake imekuwa kijani kwa sababu ya matundu yaleyale yaliyoniruhusu kuziingiza bisibisi. Simu yangu ya sasa imegandishwa kwa gundi pande zote; iliwahi kunitumbukia majini pale Shela nikaiokota inafanya kazi. Redio ya Ami isingetoka humo hai. Gundi hiyohiyo ndiyo iliyofanya betri ilipovimba nisiweze kuifikia mpaka kwa fundi mwenye kipuliza hewa ya moto, na kioo kikapasuka katika kuibandua. Nataka kitu ambacho chumvi haikiingii na mimi nakiingia. Naamini kinawezekana, maana saa za wapiga mbizi zinafungwa kwa skrubu na mpira na haziingii maji, lakini kwenye simu za bei ninayoweza kuilipa sijakiona.

Spectrum nimeinunulia ukanda mpya wa vitufe, kwani bado kuna watu wanaovitengeneza, na inawaka. Binamu yangu wa Malindi, ambaye mikono yake ni mizuri kuliko yangu, anasema tukate njia ya antena ndani yake tutoe picha moja kwa moja, itatokea safi kwenye televisheni za siku hizi. Ni waya mmoja na dakika chache za kuchoma risasi. Picha itakuwa nzuri zaidi, hilo halina ubishi, na tuna ya kuzungusha kwa mkono siku hizi unaitafuta. Lakini Ami alipata picha bila kukata kitu, na bisibisi ile ninayo. Nimemwambia aje na vifaa vyake Ijumaa. Sijamwambia kama nitamruhusu.