Madumu ya Mbege Hadi Manzese

Kwetu Uchagani mahari bila mbege, pombe yetu ya ndizi, haijakamilika, hata kama bibi harusi kazaliwa na kukulia Dar es Salaam. Ndiyo maana tulipopanda basi Moshi alfajiri, madumu yetu yalikuwa kwenye buti, vifuniko vimelegezwa. Ndizi zilizopikwa zikishachanganywa na kimea cha ulezi, pombe haiachi kuchachuka hata ikiwa safarini, na dumu lililokazwa linavimba mpaka linapasuka. Konda alisimama hapo hapo mpaka tukayapanga wima, akayabana kwa magunia ya ndizi.

Same, Korogwe, Segera, Chalinze: nililala. Kabla ya Kibaha trafiki wakatusimamisha, askari akamsogezea dereva kipima ulevi apulize. Mama aliyekaa kiti cha mbele yangu alikuwa amempakata mtoto, akanyanyuka kabisa ili aone. Dereva akaruhusiwa, tukaendelea. Sheria ya namna hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Hata viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vilipopigwa marufuku Machi 2017 nilifurahi, maana vilikuwa vinaingia mfukoni mwa sare ya shule bila mwalimu kujua.

Kutoka stendi ya Mbezi tulikodi kirikuu, tukashuka na Morogoro Road kupitia Kimara na Ubungo mpaka Manzese kwa mama mkubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ingizeni ndani kwanza, tutasalimiana baadaye."

Nilishangaa. Mbege yetu ilikuwa ya wakwe, haiuzwi, na Sheria ya Vileo ya 1968 inadai leseni kwa anayeuza. Tulipokaa ndipo akanieleza. Mgambo walivamia usiku chumba cha mwanamke jirani yake. Walipindua godoro, wakavuta ndoo za uvunguni, wakalikuta dumu la gongo, pombe kali ya kienyeji, nyuma ya begi la madaftari ya watoto. Watoto walikuwa wamelala pale pale, kwa kuwa chumba ni hicho kimoja: jiko, kitanda na biashara. Tangu siku ile mama mkubwa akiona dumu mlangoni, hata la maji, moyo unamwenda mbio.

Sheria ya Moshi ya 1966, ambamo “moshi” ni gongo na si mji, ndiyo inayofanya hivyo iwezekane. Kupatikana tu na gongo ni kosa, hata kama hujamuuzia mtu. Sitetei gongo. Anayeipika uchochoroni hana namna ya kujua kama ndani yake kuna methanoli, na methanoli inapofusha na kuua. Lakini sheria hiyo hiyo inatambua leseni ya kutengeneza, na leseni inamfaa mwenye kiwanda. Mwanamke mwenye chumba kimoja hana eneo la kukaguliwa, kwa hiyo kinachokaguliwa ni kitanda chake.

Jirani mwenyewe alikuja jioni kutusaidia kupanga vigoda na vibuyu. Nikamuuliza angependa nini kibadilike. Akasema angekubali kupimiwa pombe yake kila wiki, alipe ushuru kama mama lishe, ila waje mchana na wabishe hodi. Nadhani ofisi ya mtaa inaweza kuanzia hapo: siku ya kupima, bei ndogo ya kibali, na askari asiyeingia chumbani kwa mtu bila hati.

Wakwe walifika saa nne asubuhi. Mama mkubwa alifunga pazia kabla ya kumimina.