Tiara ya fito mbili

Nilikuwa na miaka tisa. Jumamosi asubuhi, siku ya kwanza ya kukaa kwa Babu na Bibi, nilimkuta Babu ameshachonga fito mbili za mwanzi, nyembamba kama penseli: mmoja wa sentimita 90, wa pili 75. Hakukubali tuzifunge mpaka ule mfupi ulazwe katikati juu ya kidole changu. Ukaelemea kushoto. Akaukwangua kwa kisu upande huo, kidogo kidogo, hadi ukatulia.

"Usipoitafutia mizani hapa chini, mjukuu wangu, huko juu itazunguka kama pia."

Tulizifunga msalaba, mfupi ukiukata mrefu sentimita 23 kutoka kileleni. Kila ncha ilitiwa mkato, uzi ukapita humo kuzunguka umbo lote. Uzi huo ukilegea, karatasi hukunjamana. Ukikazwa mno, fito hupinda.

Gundi ilikuwa ya Bibi: vijiko viwili vya unga wa ngano, vinane vya maji. Unga alianza kuukoroga na maji baridi ili usifanye madonge, ndipo akaubandika kwenye moto mdogo. Mimi nilitaka kupaka nyingi. Akaninyang'anya brashi, kwani gundi nyingi huilowesha karatasi ikachanika, na ikikauka huwa uzito wa bure. Karatasi tuliikata ikizidi umbo kwa sentimita mbili, tukaukunjia uzi ukingo huo na kuubandika.

Halafu hatamu: uzi wa sentimita 110 uliofungwa kileleni na mwishoni mwa ule ufito mrefu, wenye kitanzi juu kidogo ya msalaba. Kitanzi ndicho kinachoamua karibu kila kitu. Kikishuka mno, tiara husimama wima mbele ya upepo, inavuta mkono lakini haipandi. Kikipanda mno, inapepesuka na kurudi chini.

Mkia nilidhani ni pambo, nikaomba uwe mfupi. Waliniachia. Kwa mkia wa mita moja tiara ilizunguka mara tatu ikaanguka. Bibi, bila neno, akachana shuka kuukuu na kuurefusha mpaka mita tano. Kazi ya mkia ni kukokota upande wa chini ili kichwa kibaki juu.

Babu aliishika tiara hatua 25 mbele yangu, nami nikaupa upepo mgongo. Alipoiachia ilipanda yenyewe, hakuna aliyekimbia. Nilichekelea hadi ilipoinamisha kichwa, nami nikafanya lile linalofanywa na kila mtoto: nikavuta. Uzi ukivutwa wakati tiara inachimba chini, huongezewa kasi tu. Inatakiwa kuulegeza, kichwa kigeuke juu, ndipo uvute. Ufito mfupi ulivunjika upande wa kulia.

Jioni Babu aliufunga gango la kijiti cha sentimita kumi, akalizungushia uzi. Nilidhani tumemaliza. Bibi akaininginiza tiara kwa kitanzi chake mlangoni, na kweli, bawa la kulia lilikuwa limelala kwa uzito wa gango. Akabandika vipande vya karatasi bawa la kushoto, kimoja baada ya kingine. Cha nne kilitosha.

Jumapili alasiri, mbali na miti na nyaya za umeme, tulitoa uzi wote. Nilikuwa nimeuzungusha kijitini kwa umbo la nane, maana ukizungushwa vivi hivi hujisokota ukafanya mafundo. Upepo ulipozidi, nikashindwa kuurudisha. Ulikuwa unanikata vidole.

"Shika kijiti tu, usivute," Babu akaniambia.

Akaupitisha uzi chini ya kwapa, akaanza kutembea taratibu kuielekea tiara. Kwa kila hatua aliyopiga ilishuka kidogo, hadi Bibi akaudaka mkia.