Springi za Hilux yangu: walioniambia "weka ngumu" waje hapa Kigoma tuongee

Gari yenyewe ni Hilux Vigo ya 2007, dabokebini, 3.0 D4D, niliichukua kwa jamaa wa Tabora aliyekuwa anabebea tumbaku, na kama unawajua watu wa tumbaku basi ushajua springi zilikuwa na hali gani. Nyuma imelala kama kuku anayeatamia, ukipita tuta unasikia kishindo mpaka kwenye meno. Mimi nabeba mawese toka vijiji vya huko mbele ya Ilagala nakuja kuuza mjini, kwahiyo nikasema kabla ya yote hii gari nyuma isimame.

Sasa shida ikaanza, maana Kigoma kila mtu ni fundi. Jirani yangu kaniambia kaza toshen tu (ile fimbo ya chuma inayojipinda badala ya springi) mbele itanyanyuka. Nikaenda na jeki, nikalala chini nusu saa nzima natafuta toshen kwenye gari isiyo na toshen! Vigo mbele ina springi za koili bwana, toshen zilikuwa kwenye Hilux za zamani za miaka ya tisini. Nimetoka pale na vumbi mpaka masikioni, mtoto wangu ananiuliza baba unatafuta nini, nikamwambia spana.

Halafu ndo gereji. Fundi akaizunguka gari mara moja, akapiga teke tairi, akasema "Bosi, barabara zetu unazijua, hapa tunaongeza kipande cha springi ya Canter kila upande, utabeba mpaka nyumba." Nikafurahi, tena bei ilikuwa kama laki na nusu na kitu pamoja na ufundi, nani akatae. Akafungua, akachomeka kile kipande kinene, akarudishia yubolti zilezile za zamani, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli (hapa ningeshtuka, ila nilikuwa nakunywa soda). Jioni gari imesimama nyuma kama panzi, mimi najiona mjanja wa mji mzima.

Kesho yake mama mkwe akaomba lifti kwenda Ilagala, ana ndoo ya dagaa wa kuwapelekea ndugu. Gari tupu, madumu matupu tu nyuma. Na kiangazi ile njia inakuwa na mikunjo kama bati, unajua. Basi ilikuwa inaruka. Siyo kutikisika, inaruka, matako ya gari yanaenda kushoto usukani unaenda kulia, dagaa wamemwagika mpaka kwenye dashibodi. Mama kashikilia mlango kwa mikono miwili, kimyaa, mpaka tumefika kwenye miti ya michikichi akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii gari ina hasira na nani?" Nikasimama. Akashuka, akapanda bodaboda na ndoo yake iliyobaki nusu. Mkwe wako akichagua bodaboda kuliko gari yako ujue umeaibika.

Na haikuishia hapo. Wiki ya tatu narudi na mzigo, nikasikia "tap!" nyuma kulia, halafu gari ikaanza kutembea upande kama kaa. Senta bolti, ile ya katikati ya springi inayoshika ekseli isihame, imekatika, ekseli imerudi nyuma kama vidole vitatu, tairi inakula fenda. Yubolti zilishavutika mara ya kwanza zilipokazwa, ukizirudia hazibani tena vizuri, na pakilegea basi senta bolti ndo inabeba lawama. Yubolti nunua mpya, bei yake ni ya kuku wawili.

Hapo ndo nikaacha kuuliza watu nikaiuliza gari. Shemeji yangu ana duka la jumla, anauza chumvi ya Uvinza, viroba vya kilo 50. Nikatoa vile vipande vya Canter, nikapaki mbele ya duka lake Jumapili, nikachukua futi ya fundi cherehani, nikapima toka katikati ya ringi mpaka ukingo wa fenda juu. Usipime toka chini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Tupu nyuma ilikuwa sentimita 49. Tukapakia kiroba kimoja kimoja, watu wanatucheka, naandika kwenye boksi la sabuni. Kilo 300 ikashuka sentimita 7. Kilo 500 imekaa juu ya raba za stopa, yaani springi hamna, ni chuma juu ya mpira.

Halafu nikakaa na hesabu. Dumu la lita 20 la mawese lina kama kilo 18, mimi nabeba madumu 30, hiyo ni 540. Sawa, mzito. Lakini kwenda je? Naenda TUPU. Nusu ya maisha ya hii gari iko tupu, na wote waliokuwa wananishauri walikuwa wanaiona inarudi tu!

Kwahiyo nilipopiga simu Dar, kwenye maduka ya spea Gerezani, nikakataa zile springi za mzigo mzito wa kudumu, nikachukua seti ya kati, aina ya Old Man Emu, ya kubeba kama kilo 300 muda wote, na shokapu zake zilezile za kufanana nazo. Shokapu habebi mzigo jamani, anazuia springi isicheze, ukiweka springi mpya na shokapu mfu utaruka vilevile. Shokapu ya gesi ukikata ule waya unaoibana inajinyoosha yenyewe polepole, ikikaa tu kama imelala rudisha dukani. Nilinyanyua sentimita 4 basi, anayekwambia upande zaidi muulize jointi za ekseli za mbele atanunua nani. Na ile valvu ya breki yenye fimbo kwenye difu ya nyuma lazima irekebishwe, maana ukinyanyua gari yenyewe inadhani huna mzigo, inanyima breki nyuma.

Bei ilipita milioni mbili, imepita kiasi gani mke wangu asome kwingine. Fundi nilimsimamia, bolti za bushi (zile raba za kwenye ncha za springi) zikakazwa gari ikiwa chini kwenye matairi yake siyo inaning'inia, na baada ya safari mbili nikarudi kukaza yubolti tena.

Sasa hivi na madumu 30 inashuka bado inacheza, tupu naenda bila kumwaga kitu. Kuna kakelele mbele kushoto nadhani ni bushi, sijakashughulikia. Vile vipande vya Canter nilimpa mhunzi mmoja Ujiji, kanitolea panga mbili, moja nimempelekea mama mkwe, kaipokea ila mjini alirudi na bodaboda.