Mfalme na mavi ya njiwa

Leo kliniki nimekaa foleni na mama mmoja kanuna balaa, kalipa kumuona daktari halafu kaandikiwa panadol na kunywa maji mengi, basi. "Hela yote ile mwanangu, hata sindano sijachomwa?"

Nikamwambia mama shukuru, nikampa stori ya Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza.

Februari 2, 1685 asubuhi kaanguka, mwili unamkakamaa. Madaktari wake wakamtoa damu karibu nusu lita, wakamnyoa kichwa wakampaka dawa ya kumfanya atokwe na malengelenge, wakamtapisha, wakamharisha, wakambandika miguuni dawa yenye mavi ya njiwa (hao ndo mabingwa wa ikulu eti) na bado akanyweshwa matone 40 ya dawa ya fuvu la mtu!!

Tarehe 6 akafa.

Mimi kilichonishika ni hayo matone. 40. Yaani kuna mtu kasimama pale anahesabu taratibu asizidishe, fuvu la binadamu nalo lina dozi jamani 😂😂

Mama kacheka mpaka kikohozi kikamrudia, alivyotulia ananiuliza panadol anywe kabla au baada ya kula.

Nyie dawa gani ya ajabu mshawahi kunyweshwa? Tiririkeni hapa